Je, wajua kwa nini bwawa la kupuliza huwa baridi hata Mombasa, na jinsi ya kulipasha joto?

Mombasa haina sifa ya baridi. Hata mwezi wa Julai na Agosti, ambao ndio wakati wenye ubaridi kuliko mwingine wote mwakani, joto la mchana hufika nyuzi 27 au 28 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi 20 hivi. Hata hivyo, mzazi wa Nyali, Kisauni au Likoni aliyejaza maji bwawa la plastiki la kupuliza na kuliweka uani wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, anajua kinachofuata: watoto huingia kwa vifijo, na baada ya robo saa hutoka wakitetemeka, huku jua likiwa limewaka vizuri. Maswali hapa ni mawili. Kwa nini maji yawe baridi katika mji wa joto, na yafanywe nini ili yapate joto bila gharama kubwa?

Jibu la kwanza limo katika mwili wenyewe. Ngozi ya binadamu huwa na joto la nyuzi 33 hivi, na maji hupitisha joto kwa wepesi unaozidi ule wa hewa kwa zaidi ya mara 20. Kwa hiyo hewa ya nyuzi 26 ni ya kupendeza kwa mtu aliyekaa barazani, ilhali maji ya nyuzi hizo hizo humnyonya joto mtoto anayecheza ndani yake, hasa kwa kuwa mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganishwa na uzito wake. Watoto wadogo hustarehe katika maji ya nyuzi 29 hadi 32. Kazi iliyopo, basi, ni kuyapandisha maji nyuzi 4 au 5 tu, na kuyazuia yasishuke tena.

Kuzuia ndiko kugumu, na ndiko ambako wengi hawakutilii maanani. Maji ya bwawa hupoa hasa kwa kugeuka mvuke, kwa sababu kila tone linaloruka hewani huondoka na joto lililochotwa katika maji yanayobaki. Ndiyo kanuni inayoyafanya maji ya mtungi wa udongo kuwa baridi kuliko hewa ya chumba, na bwawa lililo wazi ni mtungi mpana unaopepewa mchana na usiku. Tuchukue mfano wa bwawa lenye uso wa maji wa mita 5 za mraba na kina cha sentimita 40, yaani lita 2,000. Likipoteza milimita 5 za maji kwa siku moja, jambo ambalo si la ajabu palipo na upepo, litakuwa limepoteza lita 25, na pamoja nazo joto linalolingana na yuniti 17 za umeme. Kama jua lisingerudisha chochote, joto hilo lingetosha kuyashusha maji yote kwa nyuzi 7. Mtu anayeleta sufuria za maji moto bila kuuzuia mvuke huo anajisumbua bure.

Upepo ndio unaoharakisha uvukaji huo, na kwa watu wa pwani upepo una majina na majira yake. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na kutokana na hilo hutokea sadfa njema ambayo maelezo yanayobandikwa kwenye maboksi ya mabwawa haya hayaitaji, kwa vile yameandikwa kwa ajili ya nchi za mbali. Mwezi wa Juni na Julai jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini mwa anga, na ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha mita moja na nusu hivi upande wake wa kusini. Upande wa kaskazini wa nyumba, kwa hiyo, hukingwa na kusi na wakati huo huo hupata jua tele. Mwezi wa Desemba na Januari mambo hugeuka: jua la adhuhuri huhamia kusini, upepo hutoka kaskazini-mashariki, na mahali pazuri huwa upande wa kusini wa nyumba. Kulihamisha bwawa likiwa tupu hakugharimu hata shilingi, nami naamini kunasaidia kuliko vifaa vingi vinavyouzwa. Pasipo na nyumba ya kukinga, ua wa makuti hutosha, mradi usiwe mrefu kiasi cha kuzuia jua la asubuhi.

Baada ya mahali huja kifuniko. Kinachofaa zaidi ni plastiki nyepesi yenye viputo vya hewa, inayopitisha mwanga, ikatwe kwa umbo la bwawa na kulazwa juu ya maji, viputo vikitazama chini. Mwanga wa jua hupenya na kuyapasha maji, na mvuke hukosa njia ya kutokea. Turubai la kawaida nalo huzuia mvuke, lakini halipitishi mwanga, na joto linalolipata mchana hubaki juu yake na kupeperushwa na upepo, kwa hiyo ni afadhali litumike usiku. Kwa Mombasa, ambako kaya nyingi hununua maji ya madumu kwa wauzaji wa mikokoteni, kifuniko kina faida ya pili: zile lita 25 zinazookolewa kila siku ni zaidi ya dumu moja la lita 20. Tahadhari iko moja, nayo ni nzito: kifuniko kiondolewe chote kabla ya mtoto kuingia, kamwe kisikunjwe nusu, kwa sababu mtoto anayeteleza chini yake anaweza kuzama bila kuonekana.

Chini ya bwawa hapahitaji mengi. Sakafu ya saruji iliyopigwa na jua husaidia, lakini mchanga au udongo uliolowa mvua hunyonya joto, na hapo ni vyema kutandika sponji au maboksi yaliyokunjuliwa. Matandiko hayo pia huikinga plastiki isitobolewe na vijiwe vya matumbawe, ambavyo hakuna ua wa Mombasa usiokuwa navyo.

Sasa tuje kwenye kupasha kwenyewe. Jua la hapa, kwa wastani, huleta karibu yuniti 5 za nishati kwa siku katika kila mita ya mraba, pungufu kidogo wakati wa mawingu ya kusi. Bwawa letu la mfano hupokea basi takriban yuniti 25, na kulipandisha kwa nyuzi 4 kunahitaji yuniti 9 na kidogo tu. Maana yake ni kwamba bwawa lililojazwa saa mbili asubuhi, likafunikwa na kuachwa juani, linaweza kufikia joto la kuogea mnamo saa nane mchana bila msaada wowote. Maji yasiyozidi sentimita 40 hupata moto upesi kuliko maji ya kina kirefu, na kwa watoto wadogo hata 30 zatosha.

Wapo wanaoshauri kuzungusha maji ndani ya mpira mweusi uliokunjwa duara juu ya paa la mabati, kwa kutumia pampu ndogo. Njia hii inafanya kazi, ila watu huitarajia zaidi ya uwezo wake. Mpira wa mita 50 wenye unene wa sentimita 2 hulionyesha jua mita moja tu ya mraba, ilhali bwawa lenyewe lina 5, na kwa hiyo utaongeza labda nyuzi moja kwa siku. Lililo jepesi zaidi ni tangi jeusi ambalo nyumba nyingi tayari zinalo juu ya paa. Maji yake huwa yamepata moto kufikia alasiri, na anayetaka bwawa la jioni atafanya vyema kulijaza kutoka huko badala ya kutumia maji ya mfereji yaliyokuja moja kwa moja kutoka ardhini.

Maji ya kuchemsha ni ya dharura. Ili kuzipandisha lita 2,000 kutoka nyuzi 25 hadi 29 unahitaji lita 120 hivi za maji yanayokaribia kuchemka, yaani madumu 6, na kuyabeba kupita penye watoto ni kutafuta ajali. Anayelazimika ayamimine watoto wakiwa mbali, polepole na katikati ya bwawa, kwani maji ya namna hiyo huilainisha plastiki na kuziachanisha sehemu zilizounganishwa. Kisha ayakoroge vizuri, kwa vile maji ya moto hukaa juu na miguu ya mtoto hukuta baridi.

Kuhusu umeme ni lazima kusema wazi. Koili ya kuchemshia maji kwenye ndoo haina nafasi katika bwawa, hata kwa dakika moja, hata kama hakuna mtu ndani. Waya ukiwa na hitilafu, maji yote hubeba umeme, na maji ya kisima yenye chumvi, ambayo ni mengi hapa Mombasa, huubeba kwa urahisi zaidi. Hita zilizotengenezwa maalumu kwa mabwawa huwekwa nje ya bwawa na maji hupita ndani yake, nazo zahitaji fundi wa umeme na swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Hita ya kilowati 3, ambayo ni karibu mwisho wa uwezo wa soketi ya kawaida ya Kenya, itachukua zaidi ya saa 3 kuongeza zile nyuzi 4. Mashine zinazovuta joto kutoka hewani hutumia umeme mdogo zaidi, ila bei yake hailingani kabisa na bwawa la plastiki.

Maji yakishapata joto, usafi nao huwa jambo la haraka, kwa sababu vijidudu huongezeka upesi katika maji ya vuguvugu, na klorini huharibika kwa jua na joto. Mabwawa madogo hayana chujio. Yasipotiwa klorini kwa kipimo, ni heri maji yamwagwe kila siku na kutumiwa chooni au kuoshea sakafu. Yakihifadhiwa kwa siku kadhaa, mbu wa homa ya dingi, ambayo ililipuka Mombasa mwaka 2013 na tena 2017, hupata pa kutagia, kwani hupenda maji yaliyotuama karibu na nyumba, na katika joto la hapa yai hugeuka mbu kamili kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Kifuniko kinachogusa maji kote huwazuia, lakini maji ya mvua yanayojikusanya juu ya kifuniko hicho nayo yamwagwe kila asubuhi.