Mkate umelala? Usiongeze hamira

“Mkate wangu umelala, nadhani hamira ilikuwa kidogo.” Anayeoka mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi, hapa Tanga, awe Ngamiani, Makorora au Chumbageni, ameshaisema kauli hiyo au ameshaambiwa. Na dawa anayopewa na majirani ni ile ile: kesho tia vijiko viwili badala ya kimoja. Kesho yake mkate unalala zaidi, na lawama anabebeshwa muuza hamira. Kauli hii imerudiwa mno, na kila inaporudiwa mchele na nazi za mtu zinaharibika bure.

“Zidisha hamira, utapanda”

Tuanze na mchele wenyewe. Unga wa ngano ukikandwa hujenga nyuzi zinazovutika, na nyuzi hizo ndizo zinazoshika hewa ya hamira. Mchele hauna nyuzi hizo hata chembe. Ndani ya rojo la mchele, hewa inashikwa na uzito wa rojo peke yake. Rojo likiwa jepesi, mapovu yanapanda juu, yanapasuka, na hewa inakwenda zake. Umwagie hamira ya pakiti nzima, rojo jepesi halitakushikia kitu.

Kwa hiyo swali la kwanza mkate unapolala ni: rojo lako lilikuwaje?

Vipimo ni hivi. Mchele vikombe 2, kikombe cha mililita 250, uloweke usiku kucha au kwa muda usiopungua saa 6, kisha uchuje maji yote. Maji yaliyobaki chini ya mchele huingia kwenye rojo bila kupimwa, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kabla hata hawajawasha blenda. Tui la kwanza kikombe 1 na robo, likamuliwe zito. Hamira ya chenga kijiko 1 cha chai, kijiko cha kupimia kilichosawazishwa juu, kisiwe na kilima. Iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai. Sukari robo tatu ya kikombe, nayo inasubiri pembeni. Ute wa yai 1.

Saga mchele kwa tui, hamira na iliki mpaka ukilisugua rojo kati ya vidole viwili usisikie chenga. Mchele uliosagwa nusunusu unatuama chini rojo linapoumuka, na ukiuoka unapata tabaka gumu chini na mkate mzuri juu. Watu wanaliona tabaka hilo wanasema hamira haikufika chini. Hamira ilifika. Ni chenga za mchele zilizozama.

Sasa inua upawa. Rojo litiririke kwa utepe usiokatika, na alama yake ikae juu sekunde mbili tatu kabla ya kupotea. Likiwa zito kuliko hapo, ongeza tui kijiko kimoja kimoja. Likiwa jepesi, mchele mwingine uliolowekwa ndio dawa, na kama hukuloweka wa akiba umeshachelewa. Kumbuka pia kwamba sukari itakapoyeyuka italilegeza rojo, hivyo lianze likiwa zito kidogo kuliko unavyolitaka mwisho.

Sukari inatiwa baada ya rojo kuumuka. Ikitiwa nyingi mwanzoni huvuta maji ambayo hamira inayahitaji, na hamira inafanya kazi kwa kusuasua. Mtu akiona saa nzima imepita na rojo halijajaa, anaongeza hamira! Aliyoitia mwanzo haikuwa na tatizo lolote, aliinyima maji.

Halafu kuna tui la moto. Wapo wanaokamulia nazi maji yanayochemka ili litoke zito, kisha wanamimina hilo hilo juu ya hamira. Hamira ni kiumbe hai, na kwenye joto la kama nyuzi 55 hadi 60 hufa. Inalolipenda ni nyuzi 35 hadi 40. Kama huna kipimajoto, tumbukiza kidole: ukishindwa kukiacha humo mpaka uhesabu kumi, tui hilo ni la moto mno, liache lipoe.

Sasa tuseme umezidisha. Kinachotokea kwa vijiko viwili, hasa Januari hadi Machi ambapo joto la Tanga linapita nyuzi 30, ni kwamba rojo linajaa kabla hujamaliza kupaka sufuria mafuta. Mapovu madogo yanaungana yanakuwa makubwa, makubwa yanapasuka, na rojo linashuka lenyewe bakulini. Harufu inakuwa ya pombe na ladha inaelekea uchachu. Ukilimimina wakati huo, moto unakuta hamira imeshamaliza kazi na hewa imeshatoka. Mkate unapanda kidogo pembeni, unabonyea katikati. Hamira kidogo inayofanya kazi polepole hutoa matundu madogo ya kulingana, yanayotoka chini hadi juu, na huo ndio mkate wa kumimina.

Kwa kijiko kimoja, dakika 45 hadi 60 zinatosha kwa joto la hapa. Juni na Julai ongeza kama dakika 20. Rojo likikaribia kujaa mara mbili, tia sukari na ute wa yai uliopigwa kidogo, changanya kwa mwiko bila fujo, liache dakika 10 hadi 15 tu, kisha limimine kwenye sufuria iliyopashwa ikiwa na mafuta ya moto. Tone la rojo likigusa sufuria lilie. Sufuria ya baridi hukupa mkate ulionata na chini usio na matundu.

Kama kweli unaishuku hamira, ipime kabla ya kupoteza mchele. Nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, kijiko cha chai cha sukari, kijiko cha chai cha hamira. Ndani ya dakika 10 povu lipande. Lisipopanda, tupa pakiti. Pakiti iliyofunguliwa na kukunjwa tu kabatini, kwa unyevu wa pwani yetu, haidumu na nguvu zake. Iweke kwenye kopo linalobana, ndani ya friji.

Na mkate ukiharibika usiutupe kabla ya kuukata katikati na kuutazama. Tabaka gumu chini na matundu juu: rojo jepesi au mchele haukusagika. Mzito kote bila tundu: hamira ilikufa, au tui liliiunguza. Matundu makubwa, katikati pamebonyea, harufu ya uchachu: hamira ilizidi au rojo lilingoja mno. Chini umeungua na juu mbichi: moto. Katika yote hayo, hamira kuwa kidogo ni sababu ya nadra sana, na hata ikiwa ndiyo, ungeona tu kwamba rojo limechelewa kujaa. Ungelisubiri, lingejaa.

“Beking pauda na hamira zote zinaumua, tumia iliyopo”

Hapana. Hamira inahitaji muda. Beking pauda inaanza ikiguswa na maji na inamalizia ikipata joto, kwa hiyo keki iliyochanganywa iingie motoni mara moja. Kwa unga wa ngano gramu 250, vijiko 2 vya chai vya beking pauda vinatosha. Ukizidisha, keki inafura haraka, inabonyea kabla mayai na unga havijakaza, na inaacha uchungu ulimini. Beking soda ni nyingine tena: ina nguvu mara tatu hadi nne ya beking pauda na haifanyi kazi vizuri bila kitu kichachu, kama mtindi au ndimu. Robo kijiko cha chai kwa kikombe cha unga, basi. Ladha ya sabuni kwenye keki ndiyo beking soda iliyokosa uchachu wa kuimaliza.

“Bila oveni huwezi kuoka keki ya maana”

Kupalia makaa ni ufundi wa bibi zetu, na keki zilizotoka humo hazikuwa na upungufu wowote. Sufuria kubwa nene, mchanga safi uliokauka wa kina cha sentimita 2 au 3, ifunikwe na kupashwa dakika 15. Bati la keki likae juu ya mchanga, mfuniko wa bati juu, na makaa yapaliwe juu yake. Wengi wanaunguza kwa sababu moto mwingi wameuweka chini. Gawa makaa mafungu matatu: mawili juu, moja chini. Joto hupanda lenyewe, kwa hiyo la chini linahitaji kidogo tu, na la juu lazima lilazimishwe kushuka kwa wingi wa makaa. Makaa yawe yameiva mekundu na kuanza kushika majivu, yasiwe yanatoa moshi. Na ukioka ndani, fungua mlango na madirisha, kwa sababu hewa ya mkaa inaua bila kunusika.

“Lazima ufunue uangalie”

Hili linafuata lile la hamira kwa kuudhi. Mtu amepima vizuri, amepalia vizuri, halafu kila dakika tano ananyanyua mfuniko. Kila ukiufunua, joto lote la juu linatoka, na makaa yanahitaji dakika kadhaa kulirudisha. Keki ya ukubwa wa kawaida, bati la sentimita 20, huchukua dakika 35 hadi 45. Katika dakika 25 za mwanzo inasimama kwa hewa tu, mayai na wanga havijakaza. Ubaridi ukiingia, hewa inasinyaa na katikati inazama, na ikishazama hairudi.

Mkono usiotulia unahitaji kazi nyingine, na ushauri wangu hapa ni mmoja na sitauacha: weka kitabu jikoni. Simu haifai kwa kazi hii, maana kila ikilia unanyanyuka, na ukinyanyuka unafunua. Kitabu kinakukalisha. Mkate wa kumimina unakupa saa nzima rojo linapoumuka na nusu saa unapookwa. Hiyo ni saa moja na nusu tulivu, nyumba inanukia iliki, na hakuna mtu anayeweza kukutuma popote kwa sababu una kitu motoni. Jikoni kwenyewe hakuna raha kubwa kuliko hiyo.

Hapo watu wanaingiza dhana nyingine, kwamba kusoma kunataka siku nzima ya mapumziko na kichwa kisicho na shughuli. Kurasa 15 hadi 20 kwa kuoka mara moja zinatosha, ukioka kila Jumamosi riwaya nyembamba inakwisha kwa wiki sita hadi nane. Chagua kitabu chenye sura zinazojitosheleza. *Kusadikika* cha Shaaban Robert kinafaa kabisa, kwa sababu safari ya kila mjumbe inasimuliwa peke yake na unaweza kuiacha na kuirudia wiki ijayo bila kupotea. Mwandishi huyo ni wa hapa hapa, amezaliwa Vibambani mwaka 1909, na bado unakuta mtu mzima wa Tanga anasema vitabu vyake ni vya mitihani. Aliyekisoma shuleni kwa kutafuta majibu ya maswali bado hajakisoma. Hela ya kitabu kama haipo, maktaba ya mkoa iko mjini, azima. Ila usikishike kwa mikono ya samli.

“Koroga shira isigande”

Kukoroga ndiko kunakoigandisha. Kwa visheti au kaimati, sukari vikombe 2, maji kikombe 1. Koroga mpaka sukari iyeyuke kabla haijachemka, kisha toa mwiko usiurudishe. Ikishachemka, mwiko hugonganisha chembe za sukari, moja ikiganda inazivuta nyingine, na shira yote inarudi kuwa sukari nyeupe ya mchanga. Kijiko cha chai cha maji ya ndimu kinasaidia, kwa sababu uchachu huvunja sehemu ya sukari na kuizuia isishikane tena. Tone kati ya vidole likivuta uzi mfupi, ipua.

“Mkate mtamu ni wa moto moto”

Mkate wa kumimina ukikatwa ukiwa wa moto unanata kwenye kisu na ndani unaonekana mbichi, na mwenye mkate anaurudisha jikoni mpaka unakauka. Wanga wa mchele unakaza ukipoa. Utoe kwenye sufuria, uweke juu ya wavu au ungo chini papite hewa, na usubiri nusu saa, kama sura ya kitabu haijaisha ndiyo nafasi yake. Uliobaki usiuweke kwenye friji, kwa sababu ubaridi wa friji ndio unaougumisha wanga haraka kuliko joto la nje. Kwa kuwa una tui, hapa Tanga uliwe siku hiyo hiyo. Ukilazimika kuuweka zaidi, ugandishe kwenye friza vipande vikiwa vimefungwa, na siku ya kuula uupashe kwa mvuke kama dakika 5 hadi 10, mpaka ulainike katikati.