Kovu Moja Si Ushahidi: Jinsi ya Kumtambua Mbwa Anayepiganishwa

Mbwa wa Dar es Salaam hupigana usiku kucha, jalalani na nyuma ya mabucha. Kwa hiyo ukimwona mbwa wa jirani amechanika sikio, usikimbilie polisi. Ugomvi wa mtaani huishia kwenye jeraha moja au mawili, kwa kuwa aliyezidiwa hutoka mbio.

Mbwa anayepiganishwa na watu kwa ajili ya kamari hana pa kutokea. Ndiyo maana majeraha yake hujazana usoni, shingoni na kwenye miguu ya mbele, tena ya nyakati tofauti: makovu ya zamani, vidonda vinavyokauka, na vingine bado vibichi. Sisi madaktari wa mifugo hutazama sana mshono. Mwenye mbwa wa namna hii haji kliniki, anajua ataulizwa maswali. Humshona mwenyewe uani, au humbandika kwa supaglu.

Kisha tazama ua. Mbwa kadhaa wasiohasiwa, kila mmoja na mnyororo wake mzito, wanaonana lakini hawafikiani. Tairi limening'inizwa juu, mbwa huling'ata na kuning'inia ili taya zikomae (tairi peke yake linaweza kuwa la kuchezea tu). Kuna kijiti bapa cha kupanulia meno yaliyong'ang'ania. Ndani ya pagala utakuta mbao zimezungushwa mraba, chini zulia kuukuu lenye madoa ya damu. Magari na bodaboda huingia usiku na kuondoka pamoja, huku paka wa mtaani wakipungua, kwa kuwa hutumiwa kuwachochea mbwa mazoezini.

Sheria ya Tanzania ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na kamari isiyo na leseni nayo ni kosa. Mara nyingi uhalifu huu hauji peke yake. Mwaka 2007 huko Virginia, Marekani, polisi walipekua nyumba ya Michael Vick, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, kwa sababu ya kesi ya dawa za kulevya iliyomhusu binamu yake, wakakuta mbwa zaidi ya 50. Vick alihukumiwa kifungo cha miezi 23 kwa kosa la kupiganisha mbwa.

Ukishuku, andika siku, saa, idadi ya mbwa na namba za magari, kisha umwone mwenyekiti wa mtaa au ofisa mifugo wa kata. Kama mwenyekiti ni rafiki wa mwenye nyumba, nenda moja kwa moja kituo cha polisi, na uombe jina lako lisitajwe. Pambano likiwa linaendelea, piga 112. Usirushe picha kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Mbwa watahamishwa kabla ya magharibi. Wala usiruke ukuta kwenda kuwafungua, hata wakikutingishia mkia, maana mbwa mwenye maumivu huuma. Akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo ya kichaa cha mbwa.