Kusoma Pamoja Bila Kuwa Hewani Pamoja

Wanafunzi wanne wanasoma kozi moja, kila mmoja yuko kwake. Mmoja ana kazi ya mchana, hushika kitabu saa nne usiku. Wa pili anatumia simu kwa zamu na mdogo wake. Wa tatu ana intaneti muda wote, na wa nne hununua bando dogo dogo. Ukiambiwa uwabunie programu ya kusomea pamoja, wazo la kwanza litakalokujia ni chumba cha video: waingie wote, waonane, wajadiliane.

Nasi tulianzia hapo. Mchoro wa kwanza wa kitengo chetu cha kubuni programu ulikuwa na madirisha manne ya video na kitaa cha kijani kando ya jina la kila aliye hewani. Tulipoujaribu, kile kitaa kikageuka daftari la mahudhurio: anayeonekana anasumbuliwa kwa maswali, asiyeonekana anadhaniwa mzembe. Tukakiondoa, na pamoja nacho tukaliacha wazo zima kwamba kusoma pamoja maana yake ni kuwa hewani kwa wakati mmoja.

Hesabu nayo inaliunga mkono jambo hili. Video ya kilobiti 500 kwa sekunde hula takriban megabaiti 225 kwa saa, hapo ni kupokea tu. Sauti iliyobanwa kwa Opus, mfumo wa kupunguza ukubwa wa sauti ya kidijitali, hadi kilobiti 24 kwa sekunde hula kama megabaiti 11. Jibu la aya moja la maandishi kwa kawaida halifiki hata kilobaiti 2. Anza na maandishi na sauti fupi za kurekodi. Video iwepo kwa anayeitaka, ila isijifungue yenyewe.

Kisha buni kana kwamba mtandao haupo. Mwanafunzi akibonyeza “Tuma”, jibu lihifadhiwe papo hapo kwenye simu yake, liwekewe alama ya kusubiri, naye aendelee na swali linalofuata. Mtandao ukirudi, liende lenyewe. Programu nyingi hufanya kinyume: zinangoja seva ijibu kwanza. Mtu ameandika kwa dakika kumi, anabonyeza, kiduara kinazunguka, kinazunguka, anarudi nyuma kuangalia, maandishi hayapo. Hataandika tena kwa urefu ule. Ataandika “nakubaliana na mwenzangu” na kufunga simu.

Wahandisi watauliza: je, wawili wakihariri ukurasa mmoja huku wote hawana mtandao? Jibu lipo. Mwaka 2011 mtafiti wa kompyuta Marc Shapiro na wenzake walieleza rasmi aina za data ambazo nakala zake, hata zikibadilishwa kila moja kivyake, zikikutana huungana bila kugombana. Zitumieni mkizihitaji. Ila kwa maoni yangu ukurasa wa pamoja umesifiwa kupita kiasi. Kwa kuandaa ripoti unafaa. Kwa kujifunza, mara nyingi mmoja anaandika na watatu wanatazama.

Tunapenda kusema kidole kimoja hakivunji chawa, na ni kweli. Lakini mhandisi Mfaransa Max Ringelmann, katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913, alionyesha upande wa pili. Alipima nguvu za watu wakivuta, mmoja mmoja na kisha kwa makundi, akakuta watu 8 wakivuta pamoja kila mmoja anatoa takriban nusu tu ya nguvu anayoitoa akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo ni kukosa kuvuta kwa mpigo mmoja. Sehemu nyingine ni kule kutegeana tunakokujua sote. Kikundi cha masomo nacho ni kama kamba inayovutwa na wengi. Kiwe cha watu 3 hadi 5, na kila mmoja awe na kipande chake kinachoonekana.

Kanuni ambayo nisingekubali kuiacha ni hii: jibu kwanza, ndipo uone ya wenzako. Tazama swali moja. “Kwa nini barafu huelea juu ya maji?” Wa kwanza anaandika, “Kwa sababu ni nyepesi.” Wa pili, “Ina hewa ndani.” Wa tatu, “Maji yakiganda hutanuka, kwa hiyo msongamano wake hupungua.” Majibu yakionekana tangu mwanzo, wa nne atadesa la tatu, tena bila kulielewa. Yakiwa yamefunikwa, analazimika kukisia mwenyewe. Anaandika la hewa. Sasa pazia linafunguka, anaona wako wawili wenye la hewa na mmoja anayesema kitu kingine kabisa, na hapo ndipo anauliza swali la maana: inatanuka kiasi gani? Takriban asilimia 9. Baada ya mjadala programu impe nafasi ya kujibu upya, na jibu lake la kwanza libaki pale pale alione.

Mbinu hii si yetu. Mwanafizikia Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kuitumia darasani mwaka 1991: kila mtu anajibu peke yake, anabishana na jirani, anajibu tena. Na mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba baada ya wiki moja, waliojipima kwa kukumbuka walibaki na mengi kuliko waliorudia kusoma. Cha kuvutia ni kwamba baada ya dakika 5 tu waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele, na ndiyo maana wanafunzi hujidanganya. Basi swali la barafu lirudi wiki ijayo, bila kuonyesha majibu ya zamani.

Arifa: moja kwa siku inatosha, yenye habari ndani yake (“wenzako wawili wamejibu, la kwako linasubiriwa”). Pointi na mataji mimi siyapendi; huwalipa wepesi wa kubofya. Namba ya simu ya mwanafunzi isionekane na wenzake, na kitufe cha kuripoti matusi kisifichwe ndani ya menyu tatu.

Kabla ya kuwakabidhi watu programu, chukua simu ya bei ya chini, zima data, jibu maswali matatu, zima simu yenyewe. Iwashe kesho yake, rudisha data, halafu uhesabu ni majibu mangapi yamewafikia wenzako.