Kupukutisha majani si kufa

"Kile kichaka kimekufa, king'oeni." Maneno haya husikika kila Novemba kwa wenzetu wanaotunza bustani Uingereza au Marekani, na mara nyingi kichaka chenyewe ni kizima. Kimepukutisha majani tu. Mmea wa kupukutisha ni ule unaoangusha majani yake yote kwa msimu, ukakaa mtupu, kisha ukachipua tena. Mbuyu hufanya hivyo kwa ajili ya kiangazi. Fothergilla, kichaka cha kusini-mashariki mwa Marekani, kwa ajili ya baridi.

Tofauti ni hii: jani lililopukutika limekatwa na mmea wenyewe. Siku zikifupika, mmea huvuta naitrojeni kutoka kwenye majani na kuiweka akiba katika matawi na mizizi. Rangi ya kijani huvunjika, na njano iliyokuwa chini yake hujitokeza. Wekundu hutengenezwa wakati huohuo, kwa sukari na mwanga. Ndiyo maana fothergilla inayopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku huiva nyekundu na chungwa, na ya kivulini huishia njano hafifu. Chini ya kikonyo cha jani, seli huanza kuachana, na nyuma yake hufanyika gamba la kuziba kidonda. Upepo mdogo unatosha kulidondosha jani.

Tawi lililokufa haliwezi kazi hiyo. Majani yake hukauka yaking'ang'ania. Ila usihukumu kwa hilo peke yake, kwani baridi kali ya ghafla huweza kuua majani kabla hayajakatwa, yakabaki yananing'inia kwenye tawi zima. Kwaruza gome kwa ukucha: ukiona kijani kibichi, tawi li hai.

Umanjano wa Julai nao si kupukutisha. Jani likiwa njano na mishipa imebaki kijani, mara nyingi udongo una chokaa na mmea haupati chuma. Fothergilla hutaka udongo wenye asidi, wa pH (kipimo cha asidi) ya 5 hadi 6.

Kosa hili lina gharama. Vile vijiti vitupu vya Novemba tayari vina matumba ya maua, yaliyofanyika tangu majira ya joto ya huko. Anayevikata akidhani vimekauka hatapata Aprili yale maua yasiyo na petali, mafungu ya stameni (nyuzi za kiume za ua) nyeupe yenye harufu ya asali. Kupogoa ni mara tu baada ya maua kuisha.

Basi Novemba tuseme kimepukutisha. Neno "kimekufa" lisubiri mpaka Mei, ukucha ushuke hadi shinani ukute kahawia tupu, na mizizi nayo isiwe imetoa chipukizi lolote.