Absoluti maksimamu si namba ya kufanyia kazi

Kuna sentensi ninayokutana nayo karibu kila ninapoombwa kuangalia projekti ya kielektroniki ya kijana hapa Arusha, na juzi nimeisikia tena kutoka kwa fundi mzoefu kabisa: "Datashiti inasema pini ya Arduino inatoa miliampea 40." Arduino ni bodi ndogo yenye chipu inayoprogramiwa, na pini ni miguu yake ya kuunganishia waya. Datashiti, yaani maelezo ya kiufundi ya mtengenezaji wa chipu, haisemi hivyo. Namba 40 imo, ila imo kwenye jedwali la absoluti maksimamu, na jedwali hilo halikuandikwa ili mtu achague namba za kutumia.

Absoluti maksimamu ni mpaka ambao ukiuvuka, mtengenezaji haahidi tena kwamba chipu itabaki nzima. Inaweza kuungua papo hapo, inaweza kudhoofika kimyakimya, inaweza isionyeshe dalili yoyote leo. Ndiyo maana yake yote.

Tatizo ni kwamba watu husoma namba na kuruka maelezo yake. Fungua datashiti ya ATmega328P, chipu iliyo kwenye Arduino Uno. Penye jedwali hilo pana maelezo mafupi yenye mambo matatu: kwamba kuzidisha viwango hivyo kunaweza kuharibu chipu isipone tena, kwamba kutajwa kwa viwango hivyo hakumaanishi chipu itafanya kazi ikiwa hapo, na kwamba kuiweka kwenye viwango hivyo kwa muda mrefu kunaweza kupunguza uimara wake. Jambo la pili na la tatu ndiyo yanayopuuzwa. Daktari akikuambia ukimeza vidonge kadhaa vya dawa fulani utakufa, hajakuandikia dozi.

Dozi iko kurasa nyingine, kwenye jedwali la tabia za umeme. Huko, kwa umeme wa volti 5, pini imepimwa ikitoa miliampea 20, na ahadi ni kwamba hata joto linaloizunguka chipu likiwa nyuzi 85, volti za pini hazitashuka chini ya 4.2. Hiyo ni ahadi ya kazi. Kwa miliampea 40 hakuna ahadi ya namna hiyo popote: hujui pini itabaki na volti ngapi, wala hujui itadumu mwaka au wiki. Na kuna mstari mwingine hapohapo kwenye maksimamu unaosema umeme wote unaopita kwenye pini za VCC (umeme unapoingilia) na GND (unaporudia) usizidi miliampea 200. Pini tano za "40" zimeshaumaliza, na chipu yenyewe bado haijahesabiwa.

Volti nazo zina hadithi hiyohiyo. Maksimamu ya chipu hii ni volti 6.0, lakini kazi yake ni kati ya 1.8 na 5.5. Nimeona watu wakiunga betri nne za tochi moja kwa moja kwenye VCC kwa hesabu ya 1.5 mara 4, sawa na 6, "tuko ndani". Hawako ndani. Wamesimama juu ya mpaka wenyewe, na betri mpya kabisa za alkali hutoa kama 1.6 kila moja, kwa hiyo wameshafika 6.4.

Kuna mstari mmoja ambao ningependa kila anayeunga sensa ausome polepole. Unasema volti kwenye pini yoyote, isipokuwa ya RESET (ya kuanzisha chipu upya), zisizidi VCC ukiongeza 0.5. Mpaka huo unatembea. Chipu ikiwa na volti 5, pini inavumilia hadi 5.5. Ukizima umeme wa chipu, VCC inakuwa sifuri, na pini ileile sasa inavumilia nusu volti tu. Sensa yenye umeme wake wa pembeni ikiendelea kuleta volti 5, umeme unapenya kwenye diodi za ulinzi (vijia vya umeme vya upande mmoja) zilizo ndani ya pini na kuilisha chipu kwa mlango wa nyuma. Ndiyo ile bodi ambayo umeizima na taa yake bado inamulika kwa mbali, na ukiiwasha inaanza vibaya. Watu huilaumu programu usiku kucha, wakati kosa liko kwenye waya mmoja.

Jambo jingine ni kwamba kila mstari wa jedwali unasimama peke yake. Regulata ya 7805, kifaa cha kushusha volti hadi 5, inavumilia volti 35 kwenye mlango wa kuingilia, na inatoa ampea moja. Haimaanishi unaweza kuyachukua yote mawili kwa pamoja, kwa sababu volti zinazokatwa hugeuka joto. Fikiria kisanduku cha kuendeshea pampu shambani Kahe, chini ya Moshi, ambako joto la mchana si la Arusha. Paneli ya sola inayouzwa kama ya volti 12 hutoa 17 hivi ikiwa na mzigo. Ili ibaki 5, regulata inakata volti 12, na ukivuta hata miliampea 170 tu, tayari ni wati mbili za joto. Bila hitisinki (bati la kupoza), kila wati hupandisha joto la ndani kwa nyuzi 65 hivi. Nyuzi 130 juu ya joto la kisanduku kilichofungwa, wakati kikomo cha kufanyia kazi ni 125. Mezani Arusha, mwezi wa saba, mtu kaijaribu dakika kumi na ikamridhisha. Volti 35 hazikukaribiwa hata kidogo, na bado regulata inajizima yenyewe kila saa sita mchana.

Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kwenye matumizi mabaya ya neno hili. Kifaa kilichowekwa kwenye maksimamu mara nyingi hupita siku ya kuwasilisha projekti. Walimu wanapiga makofi, kinapelekwa kwa mkulima, kinakufa baada ya msimu mmoja, na mkulima anabaki akiamini vitu vya kielektroniki ni vya kuchezea.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema pini inatoa 40, mwambie kwa upole kwamba ameshika jedwali la uharibifu, kisha mfungulie lile la tabia za umeme. Kwa LED nyekundu, resista ya omu 330 kwenye volti 5 itapitisha miliampea 9 hivi, na mwanga wake unatosha. Kwa relei (swichi inayovutwa na koili ya umeme) ndogo ya volti 5, ambayo koili yake huvuta karibu miliampea 70, pini haihusiki kabisa kuibeba: weka transista (swichi ya kielektroniki) katikati, na diodi sambamba na koili, ikiwa imegeuzwa.