Gurudumu dogo, kokoto moja

Gurudumu la skeitibodi ya mtaani, ule ubao wa magurudumu manne ambao mchezaji husimama juu yake, lina kipenyo cha milimita 50 hadi 54 hivi, tena ni gumu. Baiskeli ikikutana na kokoto huipanda na kupita. Skeitibodi hukwama papo hapo: ubao unabaki, mchezaji anaendelea na safari. Kwa hiyo nikiletewa mchoro wa barabara, macho yangu huanzia chini, kwenye sakafu.

Kabro, au pevingi kama wengine wanavyoziita, huwa na kingo zilizochongwa mshazari, hivyo kila tofali lina kijimfereji chake. Ubao ukipita juu yake miguu inatetemeka na mtaa mzima unasikia. Zege laini au mabamba makubwa ya itale (jiwe gumu la graniti) yaliyobanana ni tulivu zaidi. Vyuma vya wavu wa mtaro navyo vikatishe njia, visiifuate, maana gurudumu litatumbukia. Nyufa hizohizo ndizo zinazomkwamisha anayetumia kiti cha magurudumu na mama anayesukuma kigari cha mtoto.

Raha ya mchezo iko kwenye kingo. Chukua benchi la zege lenye kimo cha sentimita 40, kimo cha kukalia tu. Kijana atalipaka nta, arukie juu, ateleze kwa chuma cha chini ya ubao. Baada ya miezi michache pembe imemeguka na kuwa nyeusi, na wasimamizi wanapigilia vipande vya chuma kumzuia. Binafsi naona hiyo ni fedha iliyopotea. Pembe ingefungwa chuma cha engo tangu mwanzo, au benchi lingekuwa la itale, lingedumu, na mzee angekaa bila kuchomwa na chuma. Jambo la kuchunga ni upande wa kutua: acha mita kadhaa tupu, usielekee mlangoni wala kwenye njia ya magari.

Malmö, Uswidi, wamelielewa hili mapema. Mwaka 2005 walifungua uwanja wa Stapelbäddsparken palipokuwa na karakana ya meli, na mwaka uliofuata ikaanza sekondari ambayo skeitibodi imo katika ratiba ya masomo. Lakini hawakuishia kuwatengea vijana uwanja. Skeitibodi imeingizwa hata kwenye usanifu wa maeneo ya wazi ya jiji.

Philadelphia, Marekani, walikwenda kinyume. Bustani ya LOVE Park ilipendwa na wachezaji dunia nzima kwa itale yake, kisha jiji likawapiga marufuku. Oktoba 2002 Edmund Bacon, mpangaji wa miji aliyeibuni bustani hiyo, alipanda skeitibodi mle ndani kupinga katazo hilo, akiwa na miaka 92, huku ameshikiliwa mikono asianguke. Bustani ilipovunjwa na kujengwa upya, sehemu ya mawe yake ilipakiwa melini hadi Malmö, ambako yamewekwa ili vijana wateleze juu yake.