Umekodi au umekodisha? Maana ya kupangisha jina la intaneti

Dada mmoja anayeuza samani aliniomba nimsomee mkataba kabla hajatia saini. "Kaka, nimekodisha domeni," akaniambia kwa furaha. Nikampongeza, nikamuuliza mpangaji wake ni nani. Akanishangaa. Kumbe yeye ndiye anayetumia jina la mtu mwingine na kulipa kila mwezi, yaani amekodi. Sikuona ajabu, mitaani tunateleza hapo kila siku. Nilishtuka nilipoufungua mkataba wenyewe. Ibara moja ilisema "mkodishaji atalipa ada kila mwezi", na chini yake nyingine ikasema "mkodishaji anaweza kuvunja mkataba malipo yakichelewa". Neno moja limebebeshwa watu wawili. Siku ya ugomvi, hakimu alisome vipi?

Maana yake si ngumu. Kukodisha domeni ni mwenye jina la intaneti kumruhusu mfanyabiashara alitumie kwa muda na kwa malipo, huku usajili ukibaki kwa mwenye jina. Anachofanya ni kubadilisha rekodi za DNS, yaani maelekezo yanayoonyesha jina linaelekea wapi, ili jina lielekee kwenye seva ya mpangaji, kompyuta inayohifadhi tovuti yake. Mteja akiliandika anafika kwenye tovuti ya mpangaji, na barua pepe nazo zinafuata njia hiyo. Muda ukiisha, rekodi zinageuzwa.

Sasa lugha. Kukopa na kukopesha hakuna anayevichanganya: mmoja anachukua, mwingine anatoa. Kupanga na kupangisha vilevile. Kukodi na kukodisha vimejengwa kwa mtindo uleule, lakini ndivyo tunavyovivuruga. Nadhani kosa linaanzia kwenye mabango. Bango limeandikwa "magari ya kukodisha" kwa kinywa cha mwenye magari, nasi wateja tunalisoma, tunaondoka na neno lake, tunalisema kana kwamba ni letu.

Hata kuuza ni kitenzi cha namna hiyo, ila Kiswahili kimesahau. Wagiriama husema kugula kwa kununua na kuguza kwa kuuza: kuuza ni kumfanya mwenzako anunue. Waganda nao wakinunua husema kugula. Kwetu gula ilipotea, nunua ikashika nafasi yake, na uza ikabaki bila mzazi. Kwa hiyo kuuza na kukodisha ni maneno ya upande mmoja, upande wa anayetoa. Tofauti ni kile anachokitoa. Anayeuza anatoa jina na usajili wake. Anayekodisha anatoa matumizi peke yake.

Mimi ningependa tuseme kupanga na kupangisha kuliko kukodi na kukodisha. Tunakodi turubai, viti vya harusi, gari la siku mbili: vitu vya kurudisha jioni vikiwa kama tulivyovipokea. Domeni inafanana zaidi na fremu ya duka. Unaingia, unatengeneza, wateja wanakuzoea pale. Tena ni tofauti na fremu kwa jambo moja linaloumiza: aliyeichangamsha fremu Kariakoo anaweza kuondoka na kilemba, yaani fedha ya kuachia nafasi, kutoka kwa anayeingia. Kwenye domeni hakuna kilemba. Nafasi uliyoipata kwenye matokeo ya Google, kadi ulizochapisha, anwani ya barua pepe ambayo wateja wako wameihifadhi kwenye simu, vyote vimeshikamana na jina, na jina linabaki kwa mwenyewe. Mteja akiandika kwenye anwani ile baada ya wewe kuhama, mwenye jina anaweza kuupokea ujumbe huo yeye.

Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linagharimu fedha. Dada yule aliambiwa kwa mdomo kwamba akiendelea kulipa, "taratibu litakuwa lako". Huko si kukodi, ni kununua kwa awamu. Katika mauzo ya awamu kila malipo yanapunguza bei, na mara nyingi jina huwekwa kwa mtu wa tatu mpaka deni liishe, kisha usajili unahamia kwa mnunuzi. Katika upangaji, kodi ya miaka mitano haipunguzi chochote. Ipo mikataba inayompa mpangaji haki ya kununua baadaye, lakini haki hiyo huandikwa, pamoja na bei. Wa kwake haukuwa na hata mstari mmoja wa hayo.

Wapo watakaosema hata mwenye domeni hamiliki kitu, kwani naye anailipia upya. Ni kweli kwamba jina linaloishia na .com halisajiliwi kwa zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo. Lakini tazama kiwanja Tanzania. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mwananchi ana haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, na analipa kodi ya pango la ardhi. Hakuna anayesema mwenye hati hana kitu. Anajenga na anapangisha. Mwenye domeni yuko hivyohivyo, ila muda wake ni mfupi na unasahaulika kirahisi, na akisahau kuhuisha, mpangaji ndiye wa kwanza kuona duka limefungwa. Mkataba useme nani anahuisha, na lini.

Nasikia pia kwamba Tuvalu "iliuza" .tv. Haikuuza. Ile ni ngazi ya juu kuliko domeni moja, ni mwisho wa majina ya intaneti ya taifa zima, lakini mantiki ni hiyohiyo. Nchi hiyo ndogo ya visiwa vya Pasifiki ilikubaliana na kampuni ya dotTV ya Marekani malipo ya dola milioni 50 kwa miaka 12, na fedha hizo zikaisaidia kuingia Umoja wa Mataifa Septemba 2000. Baadaye kampuni ya Verisign ikashika uendeshaji, na mwishoni mwa 2021 Tuvalu ikaichagua kampuni nyingine, GoDaddy. Waendeshaji wamebadilika, .tv bado ni ya Tuvalu na bado inailetea fedha. Kama wangeuza, wasingekuwa na cha kumpangisha wa pili wala wa tatu.

Basi ndugu yangu, ukilipa, sema umekodi, au umepanga. Ukilipwa, umekodisha. Na mkataba ukikuletea neno "mkodishaji", mwombe aliyeuandika aweke "mwenye jina" upande mmoja na "mpangaji" upande wa pili, kabla hujashika kalamu.